Mbwa Mkali wa Ua: Tumzoeze Bila Fimbo

(Muziki wa kipindi unapanda, unashuka, unazimika.)

Mama zetu, baba zetu, kaka na dada mlioko kambini, na ninyi ndugu zetu mnaopanga vyumba mjini Bujumbura, sikilizeni. Leo hatuzungumzii mgao wala kadi. Leo tunazungumzia mbwa, na si mbwa mdogo wa kupita njiani. Ni yule mkubwa anayefungwa ndani ya ua, anayeruka na kubweka kila akiona mtu, mpaka watoto wanaogopa kwenda kuchota maji.

Mimi kwetu ni kambi ya Kavumu. Mwaka jana nilikaa miezi mitatu Ngagara kwa mama mdogo, nikijifunza kazi ya studio. Wanaoijua Ngagara wanajua kwamba kartye zake zinaitwa kwa namba, na kwamba nyuma ya nyumba nyingi kuna vyumba vidogo vya kupangisha. Mama mdogo alikuwa amepanga viwili. Kati ya mlango wake na robine ya maji alikuwa amefungwa mbwa anayeitwa Simba.

Simba akisimama kwa miguu ya nyuma alinifika mabegani. Mchana kutwa alikuwa juani, kwenye mnyororo wa hatua tatu. Usiku alifunguliwa alinde nyumba. Ukipita na bidoni ya maji alikurukia mpaka mnyororo ukamkaba shingo. Mzee wetu wa zamu alimtuliza kwa fimbo. Watoto wa barabarani walimrushia mawe kupitia chini ya lango, kisha wakakimbia wakicheka.

Mtoto wa mama mdogo, mvulana wa miaka 8, ndiye aliyekuwa akichota maji asubuhi. Siku moja pete ya mnyororo iliachia. Tulisikia bidoni ikianguka, kisha kelele. Simba alikuwa amemuuma mguu, nyuma, chini ya goti.

Nasimama hapa kwanza, ndugu msikilizaji, kwa sababu dakika zinazofuata baada ya mbwa kuuma ndizo zinazoweza kuokoa uhai.

Mama mdogo alikuwa tayari ameshika majivu. Mtu mwingine alikuwa anauliza jiwe jeusi liko wapi. Jirani mmoja, mama aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, akawazuia wote. Alisema: maji na sabuni, dakika 15, msipunguze. Tuliangalia saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto akiwa analia, lakini tulizimaliza. Halafu tukampeleka kwenye matibabu. Mahali pa kwanza chanjo ilikuwa imekwisha. Tulielekezwa kwingine, na siku hiyo hiyo akapata sindano ya kwanza. Zilizobaki alizipata kwa tarehe alizoandikiwa, hakuruka hata moja.

Haraka hiyo ni kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na unaingia kwa kung'atwa, au mate yakigusa kidonda. Unaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini ukiosha jeraha mara moja na kupata chanjo kwa wakati, ugonjwa huu unazuilika. Kwa hiyo hata wewe ambaye hufugi mbwa, hata wewe ambaye dini yako inakuweka mbali na mbwa, lijue hili.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwa Simba. Jioni ile vijana wa mtaa walikuja na mapanga. Mwenye nyumba naye alisimama mlangoni akasema mbwa huyu ndiye anayelinda ua wake, na anayemwogopa atafute chumba kwingine. Mama mdogo alikuwa amelipa kodi ya miezi mitatu mbele. Mkimbizi anayepanga hana sauti kubwa kwenye ua wa mtu, mnalijua hilo. Usiku ule hatukujua kama tutalala na mbwa au tutalala nje.

Aliyetusaidia ni daktari wa mifugo, aliyeitwa kumwangalia Simba. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba mbwa asiuawe. Afungwe peke yake, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kichaa siku aliyouma, kwa kawaida ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akibaki mzima, hiyo ni habari njema. Lakini mtoto hangoji siku hizo 10 ziishe. Yeye anaanza sindano siku ile ile. Simba alibaki mzima, kisha akachanjwa, na mwenye nyumba ndiye aliyelipa.

Jambo la pili alilosema lilitushangaza. Alisema: "Huyu mbwa si shujaa. Huyu mbwa anaogopa."

Alitueleza hivi. Mtu anapita na bidoni. Mbwa anaogopa, anabweka. Mtu anaendelea na safari yake, anatoweka. Wewe unajua mtu yule alikuwa anaenda zake tu. Mbwa anaamini yeye ndiye aliyemfukuza. Kesho atabweka zaidi. Na kwa sababu amefungwa, hawezi kukimbia. Kilichobaki kwake ni kurukia. Ukimpiga fimbo kila mtu anapopita, anajifunza kwamba watu wakija, maumivu yanakuja. Kwa hiyo fimbo inamwongezea ukali.

Mama mdogo alisikiliza, akasema polepole: "Basi ni kama sisi mwaka ule tulipofika. Mtu akigonga mlango, wote tuko chini ya kitanda." Hakuna aliyecheka.

Sasa nieleze tulichofanya, ili na wewe ujaribu.

Kwanza, tulimhamisha. Daktari alisema mazoezi ni kazi ya wiki nyingi, lakini hatari ni ya leo. Simba alipelekwa upande wa pili wa ua, penye kivuli cha mwembe, ili njia ya maji isipite tena mbele yake. Mnyororo mfupi uliondolewa. Ukafungwa waya mrefu kati ya nguzo mbili, na kamba yake ikawa inateleza juu ya waya huo, aweze kutembea. Shingoni palikuwa na kidonda, kwa hiyo alivalishwa mkanda wa kifuani. Lango likawekewa komeo jipya, na chini yake pakazibwa kwa ubao ili watoto wasimchokoze. Nasema kweli, hiyo siku moja ya kazi ilituletea amani kuliko wiki mbili za kwanza za mazoezi.

Pili, neno moja kwa jambo moja. Ua ule ulikuwa na lugha tatu. Mwenye nyumba alimwambia akae kwa Kirundi, watoto wake kwa Kifaransa, mzee wa zamu kwa Kiswahili. Halafu wote walimkasirikia hasikii. Tulikubaliana neno moja la kukaa na neno moja la kugeuka turudi. Akifanya, anapewa kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa ndagala kavu kutoka soko la Cotebu, zisizo na chumvi, mojamoja. Kiganja kimoja kinatosha siku nzima.

Tatu, umbali. Hapa ndipo penye siri yote. Tulitafuta umbali ambao Simba anamwona mtu, lakini bado anaweza kula. Kwake ulikuwa hatua 20. Mimi nilitokea nyuma ya ukuta na bidoni tupu. Mara tu aliponiona, mzee wa zamu alianza kumpa ndagala, moja baada ya nyingine. Nikirudi nyuma ya ukuta, ndagala zinaisha. Mtu anakuja, ndagala zinakuja. Mtu anaondoka, ndagala zinaondoka. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Baada ya siku kadhaa Simba aliponiona hakubweka. Alimgeukia mzee, kama anayeuliza: iko wapi?

Ndipo tukapunguza hatua moja. Baada ya siku mbili tatu, nyingine. Akibweka au akikataa kula, hatumpigi. Tunajua tumesogea haraka mno, tunarudi nyuma.

Wiki ya tatu niliharibu mimi mwenyewe. Nilikuwa nachelewa studio, nikapita hatua tano kutoka kwake huku nikikimbia. Alinirukia kama siku ya kwanza. Ilibidi turudi hatua 20 na kuanza upya. Mzee wa zamu aliniambia tu: "Mwanangu, huyu hana haraka yako."

Kuna anayesema mnyama hafundishiki bila kipigo. Nenda Morogoro, Tanzania. Pale shirika la APOPO, likiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akifanya sawa anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Na kwetu Kongo, katika Hifadhi ya Virunga, mbwa wakubwa wa kunusa wamefundishwa kufuata nyayo za majangili pamoja na walinzi. Ukubwa wa mbwa peke yake haumfanyi mkali.

(Muziki mfupi.)

Wazazi, waiteni watoto wasikie sehemu hii.

Mbwa anatoa taarifa kabla ya kuuma. Mwili unakakamaa. Manyoya ya mgongo yanasimama. Anageuza kichwa pembeni huku jicho likionyesha weupe. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Ananguruma. Usimpige mbwa kwa kunguruma, maana ukimnyamazisha atauma siku moja bila kukuambia.

Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono karibu na mwili, usimkazie macho. Akitulia, ondoka polepole. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, ufunike shingo na masikio kwa mikono. Usimsogelee mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au mwenye watoto. Na kumrushia mawe mbwa aliye kwenye mnyororo si mchezo. Jiwe lako leo linaweza kuwa kidonda cha mwenzako kesho.

Wewe unayefuga, mchanje mbwa wako na urudie kama daktari wa mifugo anavyokupangia. Mtoto wa mbwa mzoeshe watu, pikipiki na kelele tangu wiki zake za mwanzo, maana ndipo anapojifunza kipi cha kuogopa. Mbwa mkubwa mtoe alfajiri kabla njia hazijajaa, ukishika kamba wewe mtu mzima, kamwe si mtoto. Ukinunua kizuizi cha mdomo, kiwe cha aina ya kikapu, aweze kuhema na kunywa. Na uwe mkweli: wako mbwa ambao hata baada ya mazoezi hawafai kuachwa karibu na watoto. Hao wanahitaji ukuta, na ushauri wa daktari.

Simba je? Nilipoondoka Ngagara tulikuwa wiki ya tisa. Mvulana yule hakushiriki mazoezi mpaka mwisho, na hakuwa peke yake hata siku moja. Mwanzoni alikuwa akirusha ndagala kutoka mlangoni, amemshika mama yake kanga. Asubuhi ya mwisho nilimwona anavuka ua na bidoni yake. Simba alikuwa kwenye kivuli cha mwembe, kamba yake kwenye waya. Aliinua kichwa, akamwangalia mzee wa zamu, akapewa chake, akalala tena. Mtoto hakukimbia. Bado ana alama mguuni, na bado hatumwachi peke yake na mbwa yule. Mwenye nyumba hakuomba msamaha, lakini siku ile kodi ilipoisha alipokea ya miezi mingine bila neno, na mama mdogo bado anaishi pale.

Kabla hatujaachana, nayarudia matatu. Mbwa akiuma: maji na sabuni dakika 15, kisha matibabu siku hiyo hiyo. Mbwa akibweka: mwongezee umbali, usimwongezee fimbo. Mtoto na mbwa mkali: daima kuwe na mtu mzima katikati.

Maswali kwa vikundi vya kusikiliza: Hapa tunapoishi, mbwa gani watoto wanamwogopa, na njia yao inapita wapi? Nani atakwenda kuzungumza na mwenye mbwa, kwa heshima, kabla mtu hajaumwa? Na je, kila mmoja wetu anajua chanjo inapatikana wapi?

Mlale salama, na mfunge malango vizuri.

(Muziki wa kufunga.)