Gharama ya Upendo Humwangukia Nani?



Katika makanisa yetu ya Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda, kujitoa kunahubiriwa karibu kila Jumapili. Mke anayepigwa anaambiwa avumilie kwa sababu Yesu naye alivumilia. Mfanyakazi ambaye miezi inampita bila mshahara anaambiwa abebe msalaba wake. Mimi naona mahubiri ya namna hiyo yameipindua Injili, na leo nimekuja kueleza kwa nini.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana, Yesu anaweka sharti ambalo wahubiri hulipita mbio: hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Ni baadaye, katika sura ya 15, ndipo anapotaja upendo mkuu wa mtu kufa kwa ajili ya rafiki zake. Hiari imetangulia kifo. Anayelazimishwa kuteseka hajajitoa, ametolewa.

Chukueni mfano wa Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akaajiriwa OCC (Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo), ofisi ile ile ambayo madereva wa barabara yetu ya Kasumbalesa wanaijua sana. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Akapewa pesa aupitishe, akakataa. Akashinikizwa, akakataa tena. Julai mwaka huo alitekwa na kuuawa, na mwili wake ulikutwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Hebu tupige hesabu ya mchele ule. Mkaguzi angepata pesa, mwenye mali angepata faida, na karatasi ingepigwa muhuri kama karatasi nyingine zote. Wa kulipa angekuwa mtu fulani wa Goma anayenunua kwa kipimo cha kopo, akala na familia yake, wakaugua wote. Floribert hakumjua mtu huyo kwa jina wala kwa sura. Kumfia mtoto wako ni jambo kubwa, lakini wazazi wa dini zote, na wasio na dini, wako tayari kulifanya. Kumfia mlaji usiyemjua ndiko kunakonishangaza. Labda kwake yeye hakuwa mgeni: katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio alikuwa akiwahudumia maibobo, watoto wa mitaani wa Goma, na bila shaka alijua chakula kibovu cha bei rahisi huishia kwenye sahani ya nani.

Wala hakutafuta kufa. Alitaka kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Nawaambia hasa ninyi wanafunzi, kwa kuwa kesho kutwa mtaletewa karatasi ya lori la asidi lenye breki mbovu, na bahasha juu yake.

Kuna mfano wa Kikwit pia. Ebola ilipozuka huko mwaka 1995, masista sita Waitaliano wa shirika la Poverelle la Bergamo walikufa kati ya Aprili na Mei kwa sababu ya kuwauguza wagonjwa. Heshima yao ni yao. Lakini walikufa pia wauguzi Wakongomani ambao majina yao hatuyasikii misani, na walifanya kazi katika hospitali zilizokosa vifaa vya kujikinga. Kuwasifu marehemu bila kuuliza kwa nini walikosa hata glavu ni unafiki.

Na Likasi je? Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Baada ya hapo, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa humu humu Katanga, walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kwenye gare na mashuleni kwa miezi, wakingoja treni, na wako waliofia hapo hapo. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa Wakristo waliobatizwa kwa ubatizo mmoja. Wazee mlioketi humu mnajua nani alifunga mlango siku zile, na nani, kama yupo, aliufungua akijua kwamba naye anaweza kupigwa.

Hatuna haki ya kufundisha upendo wa kujitoa kwa mifano ya Goma na ya Kikwit peke yake huku tukinyamazia mifano ya kwetu. Kwa hiyo naziomba parokia zote za mji huu, na wanafunzi wa historia: nendeni kwa wazee hao, Wakatanga na Wakasai, muandike majina ya waliofungua milango mwaka 1992, mashahidi wakiwa bado hai.