Nani Anaketi Nje ya Mlango?

Nyumbani mwa Kornelio, Petro alijifunza kwamba Roho haulizi taifa la mtu kabla ya kushuka (Matendo 10).

Kule Houston, Marekani, William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alisikiliza masomo ya Biblia akiwa nje ya mlango, kwa sababu ni mweusi. Mwaka wa 1906, Mungu akamtumia huyo huyo kule Azusa Street, Los Angeles. Weusi na wazungu wakapiga magoti pamoja. Lakini baadaye Wapentekoste wa Marekani wakagawanyika kwa rangi. Ndipo mwaka wa 1994, mjini Memphis, mchungaji mzungu akaosha miguu ya askofu mweusi, akiomba msamaha.

Roho aliunganisha, watu wakatenganisha. Basi kunena kwa lugha peke yake hakutoshi.

Katika kanisa lako, nani anaketi nje ya mlango? Mbuti? Mkimbizi? Mtu wa kabila lile? Juma hili, umwalike kwenye sala ya nyumbani, ule naye sahani moja. Na tunapochagua wazee wa kanisa, tusiulize kabila. Amina.