Nani Ana Ruhusa ya Kusema? Miiko na Kimya katika Bungoma na Kitale



Mtu akitajiwa miiko hutarajia orodha. Usile hiki, usiketi pale, usimtaje fulani. Orodha hizo zipo. Günter Wagner, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1949 kitabu chake juu ya Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini, alijaza kurasa nyingi kwa makatazo ya Walogoli na Wabukusu. Lakini ukizisoma orodha hizo peke yake utadhani babu zetu walikuwa watu wa kunyamaza tu. Mimi nasema walikuwa hodari wa kugawa maneno. Karibu kila jambo lililokatazwa kusemwa mbele za watu lilikuwa na mtu wake wa kulisema, na siku yake, na mahali pake. Nitajaribu kuonyesha hivyo, kisha nitakuja kwenye jambo moja ambalo halikupewa msemaji hata mmoja, na ambalo linatuua.

Anzeni na mwanamume wa Kibukusu na mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na chumba anacholala mama yule mkwe hakikanyagi. Mgeni anayeona hayo husema watu hawa wanachukiana. Kumbe wanaheshimiana kiasi kwamba ujumbe kati yao lazima upitie kwa mtu mwingine, na mtu huyo yupo siku zote: shemeji, shangazi, mtoto. Neno la aibu, kama vile ndoa inayoyumba au mahari ambayo haijaisha, hufika linakokwenda bila wawili hao kuvuliana nguo.

Sasa mwekeni mwanamume huyo huyo mbele ya bakoki, wale waliotahiriwa naye msimu mmoja. Heshima yote ile inageuka. Mkoki atamtukana mwenzake hadharani na hakuna baraza litakaloitwa. Atamuuliza kwa nini analala kilabuni, kwa nini mkewe amerudi kwao, kwa nini shamba limekodishwa. Suzette Heald, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya ndugu zetu Wagisu upande wa pili wa Mlima Elgon, aliandika mwaka 1990 makala iliyouweka utani wa marika na kuepukana kwa wakwe katika somo moja, na naona alikuwa sahihi. Uhuru wa kusema na katazo la kusema hulelewa pamoja. Ndiyo maana mkoki anayeruhusiwa kukutukana hawezi kumwoa binti yako: binti yako ni binti yake.

Kuhusu mwili na mapenzi, wenye ruhusa walikuwa kukhu na kuka, yaani bibi na babu. Baba hakumfundisha mwanawe mambo hayo, na mama hakumfundisha bintiye. Wangeona haya, na haya hiyo ilikuwa ya haki. Msichana alilala kwa bibi, akaambiwa kila kitu usiku bila kufichwa. Pwani kazi hiyo alipewa somo au kungwi, na Buganda akapewa ssenga, dada wa baba. Watu mbalimbali, ndimi mbalimbali, lakini wote waliona haja ya kumteua mtu mmoja aliye karibu vya kutosha kuaminiwa na mbali vya kutosha kutomtia mtoto aibu.

Ziko pia siku. Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara, mvulana anapotoka mtoni amepakwa tope na wimbo wa sioyaye ukaimbwa, umati hutamka juu ya woga na juu ya maungo maneno ambayo kesho yake sokoni hayatamkiki. Na mzee mwenye wajukuu akifa, siku chache baada ya maziko huitwa omuswala kumuse, mnenaji wa kumuse, yaani hotuba ya kumkumbuka marehemu. Huyu ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Anatembea mbele ya watu walioketi, na anapotembea hakuna anayeinuka wala kupita mbele yake. Anasimulia safari za Babukusu, koo na marika, kisha anakemea. Anawataja wanaouza ardhi ya wajukuu, ndugu wanaorogana kwa maneno, viongozi walioshiba. Marehemu Manguliechi, omuswala kumuse ambaye maneno yake wasomi wameyachambua, alisimama mbele ya wakubwa wa nchi hii akasema asiyoweza kusema mbunge. Nani angemzuia? Kazi ilikuwa yake.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Utaratibu huo wote, pamoja na upana wake, una mtu mmoja uliyemwacha nje: aliyejitoa uhai.

Mnajua yanayofanyika, na nitayasema kwa kuwa wengi humu mmeyaona. Huzikwa jioni au usiku, na watu wachache. Hakuna matanga ya kweli. Kilichohusika na kifo huteketezwa. Katika baadhi ya koo za Waluhya, kama ilivyo kwa majirani zetu Wajaluo, mwili ulichapwa kabla ya kushushwa kaburini. Jina lake halirithiwi na mtoto. Kwetu sisi, ambao humkumbuka mtu kwa kumwita tena katika mjukuu, hilo ni kumzika mara mbili. Na kumuse? Sijawahi kuisikia ikifanywa kwa mtu wa namna hiyo. Redio ikitangaza, husema ameaga ghafla, au baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mjane huachwa na swali ambalo hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kulijibu pamoja naye.

Siwadharau wazee kwa hili. Waliogopa kwamba kifo hicho huambukiza, kwamba ukikitaja mara nyingi kitaita kingine nyumbani. Katika hilo walikuwa na nusu ya ukweli. Shirika la Afya Duniani, ambalo linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa hivyo kila mwaka, linawaonya waandishi wa habari wasieleze njia iliyotumika wala kukipamba kifo hicho, maana wengine huiga. Wazee walikwisha kuliona hilo bila takwimu. Nusu ya pili hawakuiona: kumuuliza mtu aliyekata tamaa, kwa upole na waziwazi, kama anafikiria kufa, hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kupumua. Wazo lilikuwa tayari limo. Kilichokosekana ni mtu wa kuambiwa.

Na mambo mawili kutoka nje yaliongeza ukali. Kanisa lilipokuja lilikuta adhabu ya kaburi likaitilia muhuri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa makusudi, na katazo hilo likaondolewa katika sheria mpya ya 1983. Wangapi humu wamewahi kuambiwa kwamba liliondolewa? Serikali nayo ilileta kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua akaokolewa kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2. Waingereza wenyewe waliifuta sheria yao mwaka 1961. Sisi tulibaki na ya kwetu. Kwa miaka mingi mama aliyemkuta mwanawe katika hali hiyo aliogopa hospitali kwa sababu aliogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Naipongeza hukumu hiyo kwa moyo wangu wote. Ila mahakama haina uwezo wa kumteua msemaji katika boma la mtu.

Kitale inatuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Mji ule umejengwa na watu waliotoka kwao. Kwanza walowezi wa kizungu, na vibarua wa Kibukusu katika mashamba yao. Baada ya uhuru, familia zilizonunua ekari kadhaa. Leo Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wateso, Wajaluo na sisi, ploti kwa ploti. Kukhu amebaki Chwele. Bakoki wametawanyika, mmoja Nairobi, mwingine Qatar. Kijana wa chumba cha kupanga huko Kipsongo au Tuwan bado amebeba miiko yote ya nyumbani: anajua asiyopaswa kumwambia baba yake. Waliopaswa kuambiwa badala ya baba hawapo. Mkulima wa mahindi mwenye deni la mbolea na ada ya shule yuko vivyo hivyo. Ameketi kati ya majirani ambao hakuna kati yao anayeweza kumtukana kwa upendo. Wengi husema vijana wa siku hizi hawana miiko. Mimi naona wamerithi makatazo, na ile nusu nyingine, ya ruhusa, haikuwafikia.

Basi nina ombi, na naliweka mbele ya wazee waliomo ukumbini, kwa kuwa profesa kama mimi hana mamlaka nalo. Mnayo mamlaka ya kuongeza jambo katika kazi ya mkoki. Siku ya khukhwalukha, vijana waliopona wanapotolewa na kupewa nasaha, huambiwa wasiingie mlango uliofungwa, na wawaheshimu wazee. Waambieni na hili: mwenzako akinyamaza muda mrefu, akigawa vitu vyake, akisema amechoka na dunia, wewe ndiye uliyepewa ruhusa ya kumuuliza, na akikujibu ndiyo, humwachi peke yake, unampeleka hospitali mchana kweupe, hakuna askari atakayemkamata. Kwa Kitale, ambako rika limechanganyika na makabila, chama na kanisa vinaweza kuteua watu wa namna hiyo kwa majina, kama vinavyoteua mweka hazina.

Kuhusu kaburi, naomba kidogo zaidi. Zikeni mchana. Mruhusuni mtu mmoja wa ukoo asimame aseme jina la marehemu, alikuwa mtoto wa nani, alilima nini, aliwapenda akina nani, bila kueleza alivyokufa. Kama jina hilo litarithiwa na mjukuu, hilo liamuliwe na familia yenyewe, na atakayeliamua asiitwe barazani kujibu.