Mkaa Bure si Sawa na Mtembea Bure

(Hotuba iliyotolewa Tukuyu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya niliyoyaona Ujerumani, nilikopelekwa kikazi. Siku za mapumziko nilizitumia kutembelea makanisa ya kale na majumba ya makumbusho.

Katika mji wa Köln lipo Kanisa Kuu lililoanza kujengwa mwaka 1248. Kazi ilisimama katika karne ya 16, ikaanza tena mwaka 1842, na minara yake miwili, yenye urefu wa meta 157, ikamalizika mwaka 1880. Ni miaka 632! Waashi wa kwanza walichonga mawe ya kanisa ambalo wasingeliona likimalizika. Hata leo kanisa lina mafundi wake wa kudumu wanaobadilisha mawe yaliyochakaa. Kumbe jengo la kale halitunzwi kwa sifa. Hutunzwa kwa fundi na fungu la fedha.

Mjini Berlin, katika Museum für Naturkunde, nilimkuta Mtanzania mwenzetu: mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, aliyesimama kwa kimo cha zaidi ya meta 13. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi wetu kwa miguu mpaka bandarini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mnyama mwingine wa Tendaguru jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Je, ni wangapi kati yetu tuliofundishwa habari zake darasani?

Wapo wanaosema mjusi huyo arudishwe. Wapo wanaosema hatuna pa kumweka. Mimi nasema, haki ya mwenye mali haipotei kwa kukosa ghala. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954, nalo limetunzwa Kalenga. Lakini anayedai mali iliyo mbali hana budi kuitunza iliyo mkononi mwake.

Sisi tunayo mengi hapa. Lipo boma la Wajerumani, waliouita mji huu Neu-Langenburg. Ipo misheni ya Rungwe, iliyoanzishwa mwaka 1891. Zipo zana za wazee wetu majumbani, na zipo daftari na picha za shule zinazongoja mchwa.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, tuchange fedha za kabati moja imara lenye kufuli, liwekwe hapa shuleni. Pili, kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja kijijini kwake, aandike majina ya waliobeba mawe na kufyatua matofali ya majengo haya. Wazee hao hawatatungoja miaka 632.