Kipimo Kabla ya Ndege: Nani Ampangie Abiria Anayeshuka Melini?

Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya mawakala wa safari na waongoza watalii



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mtasema limekwisha: vipimo vya afya ambavyo abiria wa meli za kitalii walitakiwa kuwa navyo kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao. Ni kweli, kwa safari nyingi limekwisha. Marekani, iliyokuwa na sharti zito kuliko nchi nyingi, ililiondoa tarehe 12 Juni 2022. Nalileta hapa kwa sababu katika miezi 16 na ushei ya sharti hilo udhaifu wa kazi yetu ulianikwa juani. Wakala alijua bei ya chumba chenye dirisha na chumba kisicho na dirisha, alijua mgeni atakula saa ngapi na atakaa meza gani, lakini alipoulizwa huyo mgeni atapimwa wapi asubuhi ya kushuka, alimwelekeza kwa kampuni ya meli. Kampuni ya meli ikamwelekeza kwa kampuni ya ndege.

Hoja yangu ni moja. Kipimo anachotakiwa nacho mtu ili arudi nyumbani ni sehemu ya safari aliyouziwa, na kukipanga ni kazi ya aliyemuuzia.

Amri ilivyokuwa

Meli za kitalii ndizo zilizoanza kuonja machungu ya korona. Februari 2020 Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao waligundulika kuwa na virusi vya korona. Tarehe 14 Machi mwaka huohuo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikasimamisha safari za meli hizo katika maji ya Marekani. Zilipoanza kurudi baharini, sheria ya ndege ilikuwa inawasubiri abiria nchi kavu.

Amri hiyo ya CDC ilitolewa tarehe 12 Januari 2021 na kuanza kutumika tarehe 26. Kila abiria wa ndege aendaye Marekani, mwenye umri wa miaka 2 au zaidi, raia kwa mgeni, awe na majibu hasi ya kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka; au awe na ushahidi kwamba aliugua UVIKO-19 na kupona ndani ya siku 90 zilizopita. Chanjo haikumwondolea mtu kipimo. Tarehe 6 Desemba 2021, kirusi cha Omikroni kilipozuka, siku 3 zikapunguzwa kuwa 1.

Ukaguzi uliachiwa kampuni za ndege. Mhudumu wa kaunta alitakiwa kuona jina la abiria pamoja na kitambulisho kingine kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti, aina ya kipimo, jina la aliyetoa majibu, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, na majibu yenyewe. Kikikosekana kimoja, abiria hapandi.

Sasa angalieni: amri ilihusu ndege peke yake. Kampuni ya meli ilimshusha mgeni gatini na mizigo yake, kampuni ya ndege ikampokea kaunta, na baina ya gati na kaunta palikuwa hapana mwenyewe. Humo ndimo watu walimopotelea.

Waliosoma amri mpaka mwisho waliiona pia nafuu iliyokuwamo. Meli za kitalii ziliporudi kwenye bandari za Kanada mwezi Aprili 2022, safari kadhaa za Alaska ziliishia Vancouver. Aliyepanda ndege hapo kwenda Marekani alitakiwa kuwa na kipimo. Aliyepanda basi hadi Seattle, kisha akachukua ndege ya ndani, hakutakiwa, kwa kuwa mpaka wa nchi kavu haukuwamo katika amri ile. Wapo waliokuita huko kukwepa sheria. Mimi nakuita kuijua. Mteja anatulipa tumsomee maandishi ambayo yeye hana muda wa kuyasoma.

Siku moja ni ipi?

Sharti la siku 1 liliwachanganya watu kuliko jingine lolote, kwa sababu wengi walilichukulia kuwa ni saa 24. Haikuwa hivyo. CDC ilihesabu siku za kalenda na mfano wake ulikuwa huu: ndege ikiondoka Ijumaa saa 7 mchana, kipimo kilichochukuliwa wakati wowote siku ya Alhamisi kinafaa, hata kama ni alfajiri. Mtu aliyeshika saa 24 alijinyima nusu ya siku na kwenda kutafuta maabara wakati abiria wenzake wanamalizia matembezi ya mwisho. Na sisi tuna mazoea ya kusema usiku wa kuamkia Ijumaa tukimaanisha Alhamisi usiku. Kwenye karatasi ya mteja tuandike tarehe kwa tarakimu.

Hesabu ilianzia ndege ya kwanza, mradi safari nzima ilikuwa kwenye tiketi moja. Mteja aliyetafuta unafuu, akanunua tiketi mbili mbalimbali na kulala njiani London, aliuona unafuu ule ukiliwa na kipimo cha pili.

Jumamosi ya Civitavecchia

Tuchukue safari ya aina iliyouzwa sana. Meli imezunguka Mediterania kwa siku 7 na inamalizia Civitavecchia, bandari ya Roma, Jumamosi alfajiri. Mteja ana ndege ya kwenda Marekani kutoka uwanja wa Fiumicino siku hiyohiyo saa 5 asubuhi. Kwa sharti la siku 1, kipimo chake lazima kiwe cha Ijumaa au Jumamosi yenyewe. Ijumaa meli iko Napoli.

Njia ya kwanza ni kupimwa melini. Zipo kampuni zilizowapima abiria kabla ya kushuka, nyingine bure, nyingine kwa malipo. Hii ndiyo njia bora inapopatikana, lakini wakala alipaswa kuuliza mapema maswali ambayo kipeperushi hakiyajibu. Je, cheti kinatolewa kwa karatasi au kwa simu? Kina tarehe ya sampuli? Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti? Sisi wa pwani tunajua tabu ya majina matatu ya pasipoti kugeuka mawili kwenye orodha ya abiria. Kaunta ya ndege haina muda wa kusikiliza nasaba.

Njia ya pili ni famasi ya mjini Napoli siku ya Ijumaa. Kuanzia 2021 serikali ya Italia iliafikiana na famasi bei ya kipimo cha haraka cha antijeni, yuro 15 kwa mtu mzima. Ilikuwa nafuu, majibu yalitoka ndani ya robo saa, na cheti kilichapishwa hapohapo. Pingamizi mbili zilikuwapo. Mwaka 2021 meli nyingi hazikuwaruhusu abiria kuzurura watakavyo. Walishuka kwa makundi, na basi la matembezi halisimami famasi. Halafu famasi nyingi za Italia hufungwa mchana, na katikati ya Agosti, wakati wa sikukuu yao ya Ferragosto, nusu ya mji huwa imefunga milango.

Njia ya tatu ilipendwa na Wamarekani wenyewe: kifaa cha kujipima, kama BinaxNOW ya Abbott, kilichosimamiwa na mhudumu wa afya kwa njia ya video. Kuanzia Mei 2021 CDC ilikikubali kwa masharti. Mhudumu alitakiwa kumthibitisha mtu, kumwona akijichukulia sampuli puani, na kuyaona majibu kwa macho yake kabla ya kutoa cheti. Kwenye karatasi ni njia safi. Njooni sasa melini usiku wa mwisho. Abiria wameambiwa waweke masanduku yao makubwa nje ya mlango wa chumba kabla ya kulala, wapagazi wayakusanye, na wenyewe wayakute gatini asubuhi. Bibi mmoja ameweka kifaa chake humo, chini ya nguo, kwa sababu aliambiwa asikipoteze. Asubuhi sanduku liko chini kwenye ghala la meli na yeye yuko juu na simu mkononi. Jirani yake alikumbuka kukibakiza kwenye mkoba, lakini aliufungua mfuko mapema kuhakikisha kila kitu kimo, na msimamizi wa video anataka ufunguliwe mbele yake. Wa tatu ametimiza yote, ila intaneti ya meli inakatika wanapofikia dakika ya 12. Hakuna hata mmoja wao aliye mgonjwa, na wote watatu wanaweza kukosa ndege.

Njia ya nne ni uwanja wa ndege. Fiumicino palikuwa na sehemu ya kupimia. Lakini kutoka Civitavecchia hadi uwanjani ni mwendo wa saa 1 hivi kwa gari, mizigo inachelewa gatini, na foleni ya kipimo inafuatwa na foleni ya kaunta. Kwa ndege ya saa 5 asubuhi, uwanja ulikuwa pa kujiokolea, si pa kupangia.

Ushauri ambao ningempa mteja yule ni kuacha kuruka siku ya kushuka. Alale Roma usiku mmoja, apime Jumamosi alasiri kwa utulivu, aruke Jumapili. Hoteli ya usiku mmoja ni rahisi kuliko tiketi mpya ya kuvuka Atlantiki inayonunuliwa papo kwa papo.

Kuhusu aina ya kipimo sitakaa sana. Amri ilikubali PCR na antijeni. PCR huchukua muda zaidi kutoa majibu, na inaweza kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwani huokota hata mabaki ya virusi. Kwa dirisha la siku 1, antijeni ilitosha.

Majibu yakiwa chanya

Hapa ndipo mawakala wengi walipofunga faili mapema. Walipanga kipimo, hawakupanga majibu.

Abiria aliyekutwa na virusi hakuruhusiwa kupanda ndege. Alijitenga kwa muda uliowekwa na nchi aliyomo, na mara nyingi mwenzi wake alibaki naye. Chumba cha meli kilishapangiwa mgeni mwingine. Hoteli aliyohitaji si ile ya kitalii aliyoichagua kwa picha, ni yoyote itakayompokea mtu mwenye virusi. Akishapona, alihitaji karatasi mbili ili aruke bila kipimo kipya: majibu yake chanya, na barua ya daktari inayosema anafaa kusafiri. Bila barua ile, mtu mzima wa afya aliweza kuendelea kupimwa PCR na kuendelea kuonekana chanya.

Nani analipa? Bima nyingi za safari zinataja matibabu. Swali la kumuuliza mtu wa bima ni jingine: je, inalipa malazi ya mtu ambaye haumwi lakini haruhusiwi kuondoka, na ya mwenzake? Jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza. Dawa nazo zisisahaulike. Miongoni mwa wateja wa meli hizi wamo watu wazima wenye shinikizo la damu na kisukari, na hufungasha vidonge kwa idadi ya siku za safari. Wabebe akiba ya wiki 2, kwenye mkoba wa mkononi.

Niongeze jambo ambalo halipendezi kusemwa mbele ya wateja. Mtu asiyejua atalala wapi wala nani atamlipia akikutwa na virusi, atakunywa panadol na kuficha kikohozi. Tulizoea kuwalaumu watu hao kwa kukosa uaminifu. Lawama yangu naielekeza kwanza kwa aliyewaachia wachague kati ya kusema kweli na kufilisika.

Sisi yanatuhusu nini?

Masharti ya aina hii tumeyaona kwetu. Mahujaji wa 2022 walitakiwa kuwa na PCR ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka kwenda Saudia, na kuna viongozi wa misafara waliojifunza kuhesabu saa kutoka ratiba ya ndege kurudi nyuma. Kenya ilitaka vyeti vihakikiwe kwenye mfumo wa Trusted Travel, hivyo karatasi yenye muhuri peke yake haikutosha. Na hapa Unguja, kisiwa cha Changuu, mnakowapeleka wageni kuona kobe, kiliwahi kuwa karantini ya abiria wa meli. Mambo haya hayakuanza na korona.

Wala hayakuishia hapo. Miezi 7 haikutimia tangu Marekani iondoe amri yake, ikaweka nyingine tarehe 5 Januari 2023 kwa wasafiri kutoka China, ikadumu hadi tarehe 10 Machi. Rwanda ilipotangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mwezi Septemba 2024, Marekani ilianza kuwachunguza wasafiri waliotokea huko wakiwa uwanjani. Meli za kitalii zinatia nanga Malindi, Unguja, na Mombasa, na wapo wageni wanaoacha meli hapa na kurudi kwao kwa ndege. Siku sharti litakapotangazwa tena, simu itakayolia ni yako wewe uliyempokea mgeni, haitalia Geneva kwa Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo naomba warsha hii ikubaliane jambo moja kabla ya kuvunja kikao. Kila ankara ya safari ya meli tunayoitoa iwe na mstari wa kipimo: kinahitajika au hakihitajiki, kwa mujibu wa amri ya tarehe gani, kitachukuliwa bandari gani, nani atakipanga, namba yake ya simu, na nani atalipa malazi majibu yakiwa chanya. Mstari huo ujazwe hata pale utakaposomeka «hakihitajiki», na wakala autie saini kabla ya kupokea malipo ya kwanza ya mteja.