Mbu wa Hatari ni Mbu Mzee

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wa hatua ya nne)



Wiki iliyopita mama mmoja wa darasa hili alinisimamisha njiani. Akaniambia: "Mwanangu mwalimu, ile neti nimeifunika kitalu cha mboga, kuku wasichakure. Mbu wa hapa hawaishi. Ukiua mmoja wanakuja kumi. Sasa kuna faida gani?"

Sikumcheka. Swali lake ni la haki, na wapo wengi wanaofikiri kama yeye. Nilimwahidi kwamba leo tutalijibu kwa hesabu. Hesabu zenyewe ni zile mnazozijua: kugawa kwa kumi na kutoa. Ndiyo maana niliwaomba kila mmoja aje na maharage.

HESABU YA MFANO NI NINI?

Fundi mzuri hajengi nyumba kabla ya kuichora. Huchukua kijiti, akachora chini: hapa mlango, hapa dirisha, hapa chumba cha watoto. Mchoro ule si nyumba. Huwezi kulala ndani yake. Lakini ukiutazama utaliona kosa mapema, kabla hujanunua bati.

Hesabu ya mfano ni mchoro kama huo, ila umechorwa kwa tarakimu. Wataalamu huiita modeli. Wahandisi huitumia kabla ya kujenga daraja, wajue litabeba mzigo gani. Maofisa wa uvuvi huitumia, wajue samaki kiasi gani wavuliwe bila kumaliza ziwa. Sisi leo tutaitumia kwa malaria.

SIKU KUMI ZA MBU

Kwanza tukumbushane. Malaria huenezwa na mbu jike aitwaye Anofelesi. Yeye hutafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Akimuuma mtu mwenye vimelea vya malaria, huvinyonya pamoja na damu. Lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Ni lazima vimelea vikue kwanza ndani ya mwili wake. Kazi hiyo huchukua siku kumi hivi au zaidi, kwa kadiri ya joto la mahali.

Basi shikeni neno hili: mbu akifa kabla ya siku hizo kwisha, amekufa na malaria yake. Mbu wa hatari ni mbu mzee.

Sasa wekeni maharage 100 mezani. Kila harage moja ni mbu mmoja aliyemuuma mgonjwa leo. Tuseme kijiji hakina vyandarua. Hata hivyo mbu hufa: wengine kwa upepo, wengine huliwa na buibui na mijusi. Tuseme kila usiku, katika kila mbu kumi, hufa mmoja na kubaki tisa. Toeni basi sehemu moja ya kumi kwa kila usiku. Usiku wa kwanza yatabaki 90. Wa pili 81. Wa tatu 73. Endeleeni hivyo: 66, 59, 53, 48, 43, 39. Usiku wa kumi yamebaki 35. Hao 35 sasa wanaweza kuambukiza.

Haya, rudisheni yote 100 mezani. Safari hii tumetundika vyandarua vyenye dawa. Mbu anakuja usiku kutafuta damu, anatua juu ya chandarua, dawa inamuua. Tuseme sasa kila usiku, katika kila mbu kumi, hufa watatu na kubaki saba. Hesabuni: 70, 49, 34, 24, 17, 12, 8, 6, 4. Usiku wa kumi yamebaki 3.

Tazameni mezani. Bila vyandarua, 35. Kwa vyandarua, 3. Vifo vya usiku mmoja tuliviongeza mara tatu tu, kutoka mmoja hadi watatu. Lakini mbu wa hatari wamepungua zaidi ya mara kumi! Sababu yake ni kwamba hasara ile inarudiwa kila usiku, usiku kumi mfululizo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Je, tukifukia madimbwi tu, mbu wapya wakapungua nusu? Anzeni na maharage 50, mtoe moja katika kila kumi. Mwishoni yatabaki kama 17. Ni nusu ya 35. Kazi ya madimbwi ni njema, tuifanye. Lakini mmejionea wenyewe: kufupisha maisha ya mbu kuna nguvu zaidi kuliko kupunguza idadi yao.

HESABU HII ILITOKA WAPI?

Mwaka 1897, huko India, daktari Mwingereza aitwaye Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Ross aliposema tupambane na mbu, wengi walimjibu kama mama yetu: mbu hawaishi, mtajisumbua bure. Naye akawajibu kwa hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alionyesha kuwa si lazima kuwamaliza mbu wote. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani, na malaria yenyewe itaanza kuisha.

Kiwango hicho tunaweza kukieleza hivi. Tuseme kijiji kina wagonjwa 10, na kila mgonjwa, kwa njia ya mbu, anasababisha wagonjwa wapya wawili. Wale 10 watazaa 20, wale 20 watazaa 40, kisha 80. Lakini ikiwa kila wagonjwa wawili wanasababisha mgonjwa mmoja tu, basi 10 watazaa 5, na 5 watazaa 2 au 3. Ugonjwa unazimika kama moto uliokosa kuni. Mpaka wetu ni namba moja. Juu ya moja malaria inapanda. Chini ya moja inashuka, hata kama mbu bado wanalia masikioni.

Katika miaka ya 1950 Mwingereza mwingine, George Macdonald, aliiendeleza hesabu ya Ross. Yeye ndiye aliyeonyesha wazi jambo mliloliona kwenye maharage: kumuua mbu mkubwa kabla hajazeeka ndiyo njia yenye nguvu.

Je, hesabu hii imepimwa? Ndiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa sehemu za Asembo, magharibi mwa Kenya. Ilionekana kuwa hata watoto wa nyumba zisizo na vyandarua walipata nafuu, kama nyumba zao zilikuwa ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye vyandarua. Mbu aliyekufa kwa jirani hakufika kwao. Kwa hiyo chandarua chako kinamlinda na mtoto wa jirani. Na chandarua ulichokiacha sandukuni kinamnyima.

Zanzibar nako kuna somo. Nyumba zilipuliziwa dawa hadi mwaka 1968, na malaria ikashuka sana. Kazi iliposimamishwa, ugonjwa ulirudi. Namba ilikuwa imepanda tena juu ya moja. Baada ya mwaka 2003, kwa dawa za mseto, vyandarua na upuliziaji, malaria ilishuka tena sana. Tujue basi: kushuka si kwisha. Ukiacha, inapanda.

MCHORO SI NYUMBA

Nisiwadanganye. Maharage si mbu. Ile moja na ile tatu katika kumi tumezikadiria. Wako mbu wanaouma nje, saa za jioni, kabla watu hawajalala. Wako pia mbu waliozoea dawa, wasife upesi. Ndiyo sababu vimetengenezwa vyandarua vipya vyenye dawa za aina mbili. Kwa hiyo hesabu ya mfano lazima ipimwe kila mara kwa mambo ya kweli.

Sisi tunaweza kupima. Tumwombe mganga wa zahanati atupe kila mwezi namba mbili: watu wangapi wamepimwa damu, na wangapi wamekutwa na malaria. Tuziandike ukutani hapa darasani. Lakini tulinganishe masika na masika, na kiangazi na kiangazi. Ukilinganisha masika na kiangazi utajisifu bure.

Mama yangu, nimalizie na wewe. Ulisema mbu hawaishi. Ni kweli, hawaishi. Lakini si lazima waishe; inatosha wasizeeke. Neti iliyopigwa jua kitaluni dawa yake imepungua, basi nenda kaulizie nyingine zahanati. Kitalu tutakizungushia fito pamoja Jumamosi. Na wajukuu wako walale ndani ya chandarua usiku wa leo, maana hesabu huanza usiku wa kwanza.



MASWALI YA KUJADILI

1. Weka maharage 100. Kila usiku toa nusu. Yanabaki mangapi usiku wa kumi?

2. Katika kijiji chenu nyumba ngapi zina vyandarua, na ngapi kati ya hizo huvitundika kila usiku? Kwa nini namba hizo mbili hazilingani?

3. Kwa nini chandarua cha mtu mmoja ni faida ya jirani zake?