Wito na Hofu ya Aitwaye



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua Wakristo wengi kwa siri. Mtu aitwa kwa kazi ya Mungu: pengine na padre wake, pengine na wazee wa kanisa, pengine na moyo wake mwenyewe usiomwacha alale. Naye hujitazama, akaona hana elimu ya kutosha, hana ukoo wenye jina, wala hana ulimi mwepesi. Basi husema, "Si mimi. Tafuteni mwingine."

Nawafikiri hasa wenzetu wa Milola na vijiji vingine vya bara ya Lindi, katika nchi ya Wamwera. Huko jirani walio wengi ni Waislamu, na Wakristo ni kundi dogo. Aitwaye kuwafundisha wanaojiandaa kubatizwa atasimama mbele ya watu waliomwona utotoni akifukuza ngedere shambani. Ajua watasema, "Huyu si mtoto wa fulani? Maneno haya kayapata wapi?" Hofu ya namna hii si ya kuchekwa. Simwambii mtu huyo kuwa ni mwoga. Wala simwambii ajitie moyo na kujiona mkubwa. Shauri hili la pili hutolewa mara nyingi, nami naliona baya kuliko la kwanza, maana humtaka mtu aweke tumaini lake mahali pale pale palipokwisha kumwonyesha kuwa hapana nguvu.

Tazameni Musa. Alikuwa na umri wa miaka themanini, mchungaji wa kondoo za mkwewe, tena aliikimbia Misri kwa sababu ya kuua mtu. Alipoitwa aliuliza yeye ni nani hata aende kwa Farao. Wengi wetu tungalimjibu, "Wewe ni hodari, ulilelewa katika nyumba ya mfalme." Mungu hakusema hivyo. Alimwambia kwamba atakuwa pamoja naye. Swali la Musa lilikuwa juu ya Musa. Jibu halikuwa juu ya Musa hata kidogo. Kisha akaleta udhuru mwingine, na mwingine: jina la anayemtuma, kutosadikiwa na watu, uzito wa ulimi. Yote hayo Mungu aliyasikiliza na kuyajibu moja moja. Hasira yake iliwaka pale tu Musa alipokuwa hana sababu tena, akaomba apelekwe mtu mwingine yeyote. Mimi hupenda kuikumbuka subira hiyo. Kuna shaka inayouliza, na kuna shaka iliyokwisha kuamua kukataa, nazo si kitu kimoja.

Lakini Musa ni wa zamani na wa mbali. Njia ya kutoka Lindi kwenda bara mwaijua, na mambo yake si ya zamani sana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Unguja, alishuka Lindi na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa watumwa wakapata uhuru. Walitaka kurudi kwenye nchi zao upande wa Ziwa Nyasa. Fikirini safari hiyo. Bandari za Kilwa na Lindi ndiko misafara ya watumwa ilikoteremkia, na mtu aliyeletwa pwani kwa minyororo hawezi kuigeukia bara bila moyo kumdunda. Hata hivyo walikwenda. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa, wakajenga.

Hapo mtu mwenye shaka atasema, "Vema, waliitika, na Mungu akawafanikisha." Laiti mambo yangalikuwa mepesi hivyo! Steere alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, na mwezi uliofuata Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka: watu waliokwisha onja utumwa mara moja. Waliosalia walitawanyika, na kazi ikahamishiwa Newala kwa muda. Sijui kulipamba jambo hili, wala sitajaribu. Nalisema kwa kuwa watu wengi huupima wito kwa usalama wake, yaani kama ni wa Mungu njia itakuwa nyeupe. Masasi inakikana kipimo hicho.

Sasa sikieni habari za mtu aliyekwenda huko baada ya hayo. Cecil Majaliwa alizaliwa Myao, akachukuliwa mtumwa angali mtoto, akafika Unguja, akakombolewa na kulelewa na Misheni. Alisoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza, chuo cha Mtakatifu Agostino huko Canterbury. Katika nchi zetu mtu husikilizwa kwa ukoo wake: nani mjomba wake, nani babu yake. Aliyetekwa mtoto ana nini cha kujibu? Jina lake lenyewe lilisema yote, maana majaliwa ni kile ambacho mtu hakukipata kwa nguvu zake bali amejaliwa. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Newala, kwa Wayao wa Nakaam. Ilikuwa imepita miaka minne tu tangu Masasi kuteketea. Mwaka 1890 akawekwa kuwa padre, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika Misheni ile. Wayao walisikia Injili kwa kinywa cha Myao mwenzao ambaye utumwa ulimwondoa kwao, na kanisa la Chitangali likakua mikononi mwake.

Basi wewe uliyeitwa huko Milola, mwendee padre wako, umtajie hofu zako kwa majina yake, kama Musa alivyozitaja. Usimfiche hata moja. Huenda akakuambia, "Bado." Hapo rudi shambani kwako kwa amani, hakuna aibu, maana kupima wito ni kazi ya Kanisa wala si yako peke yako. Akikuambia, "Nenda," usingoje hofu iishe. Anza na nyumba moja na somo moja, nawe omba upewe mwenzi. Musa alipewa Haruni, na Majaliwa katika kazi ya Chitangali alikuwa na mkewe, Lucy.